Maswali ya Wasomaji: Kundi Letu la Maua Limenyamaza

Barua za toleo hili zimetoka Tukuyu, Matamba, Iringa, Mafinga na Mbeya mjini, nazo zote, bila waandishi wake kujuana, zinazungumzia namna ya kulea kundi dogo la mtandaoni lililoundwa kwa ajili ya kitu kimoja kisichofuatwa na watu wengi. Wapenzi wa maua ya okidi, waangalia ndege na wafuga nyuki wa mikoa yetu hawana ofisi wala ukumbi wa kukutania. Baraza lao ni kundi la WhatsApp, na likiharibika hawana pengine pa kwenda. Mimi mwenyewe nimekuwa mmoja wa wasimamizi wa kundi la namna hiyo kwa miaka sita, na kwa sababu hiyo nimezijibu barua hizi, hasa mbili za mwanzo, kwa kirefu kuliko kawaida yangu.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni kijana wa hapa Tukuyu na ni admini wa kundi la WhatsApp la watu wanaopenda maua ya mwituni na ndege wa milima yetu, kuanzia Mlima Rungwe hadi uwanda wa Kitulo. Tupo 214. Mwezi wa pili picha zilikuwa zinaingia hadi arobaini kwa siku, lakini tangu mwezi wa sita zinaweza kupita siku nne bila hata salamu. Nilikaa nikahesabu, nikakuta kwamba walioandika chochote mwaka huu ni watu 31 tu. Admini mwenzangu mmoja anataka tuwatoe wote wasiochangia kwa kuwa ni mizigo, na mwingine anataka turuhusu mambo ya mpira na siasa ili kundi lichangamke. Tufuate lipi? – Admini, Tukuyu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla hujaitazama orodha ya wanakundi, itazame kalenda. Uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji waliuita Bustani ya Mungu na ambao ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, huchanua kwa kuifuata mvua: maua huanza kujitokeza mvua za Novemba zinapoanguka, hushamiri kuanzia Desemba hadi Aprili, kisha nyasi hukauka, na ikifika Juni na Julai kuna alfajiri ambazo umande huwa umeganda juu ya majani. Hata mbayuwayu buluu, ambaye ndiye huwavuta waangalia ndege wengi kupanda kule juu, huja kuzaliana wakati wa mvua na kuondoka kuelekea kaskazini, upande wa Uganda na nchi jirani, baridi inapokaza. Sasa mwanakundi apige picha ya nini mwezi wa saba? Kundi linalozungumzia kitu chenye msimu litakuwa na msimu nalo, na mtu anayelipima mwezi Julai kwa kipimo cha Februari ni sawa na mkulima anayelitazama shamba la mahindi baada ya mavuno na kusema kwamba ardhi imechoka.

Tuje kwenye hesabu yako, kwa sababu umefanya kazi ambayo wasimamizi wengi hawaifanyi. Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtaalamu wa namna watu wanavyotumia kompyuta na mitandao, aliandika kwamba katika jumuiya nyingi za mtandaoni watu wapatao 90 katika kila 100 husoma tu, tisa huchangia mara mojamoja, na mmoja aliyebaki ndiye hubeba sehemu kubwa ya mazungumzo. Ukiipeleka hesabu hiyo kwa watu wako 214, ungetarajia wasemaji 21 hivi, nawe unao 31. Kwa kipimo hicho kundi lako lina wasemaji wengi kuliko ilivyo kawaida, na wenzako wanataka kuliponya ugonjwa ambao halina.

Neno hilo la mizigo limenisumbua, na ningependa ulikatae mbele ya wenzako kwa upole lakini bila kulegea. Wewe ni mtu wa Rungwe, kwa hiyo unaijua habari ya kipunji. Watafiti waliokuwa wakifanya kazi kuzunguka mlima wenu mwaka 2003 walimfikia kima yule baada ya kusikia habari zake kwa wawindaji wa Kinyakyusa. Alitangazwa kwa ulimwengu wa sayansi mwaka 2005, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe, yaani kundi lake katika mpangilio wa kisayansi wa viumbe, Rungwecebus, jina linalotokana na mlima huo. Wawindaji wale walikuwa wakimjua kwa miaka mingi. Walikuwa hawajaulizwa tu. Katika kila kundi la namna yetu wapo watu wa aina hiyo: anayejua sana, asiyependa kuandika, anayehofia Kiswahili chake au Kiingereza cha majina ya mimea, au anayenunua bando la wiki moja katika mwezi na kusoma yote kwa mkupuo.

Mimi nilifundishwa jambo hili na mzee mmoja wa upande wa Makete aliyekaa kundini kwetu karibu miaka miwili bila kuandika hata herufi moja. Mwezi Septemba mwanakundi alituma picha ya ua jekundu lililochomoza peke yake, bila jani, kwenye ardhi nyeusi iliyokuwa imeungua. Tulibishana siku mbili nzima, wengine wakisema limechomekwa pale kwa mkono ili kupata picha nzuri. Siku ya tatu, saa tatu usiku, yule mzee akatuma ujumbe wa sauti wa sekunde arobaini, na nyuma ya sauti yake ng'ombe wanasikika wakifungiwa zizini. Akasema kwamba ua hilo hutoka kwanza, mara nyasi zinapoungua, na majani yake hufuata baada ya mvua. Anayebisha arudi palepale mwezi wa kwanza. Mmoja wetu alirudi mwezi wa kwanza, akayakuta majani mahali palepale, karibu na jiwe lilelile lililoonekana kwenye picha ya kwanza. Tungekuwa tumewatoa wasiochangia, tungekuwa tumemtoa huyo kabla ya wote.

Kwa hiyo usimtoe mtu kwa sababu ya kunyamaza. Nafasi haijakubana, kwani kundi moja la WhatsApp huweza kubeba hadi watu 1,024. Wa kuondolewa ni wale ambao namba zao zimepita mikononi mwa watu wengine, na hao utawatambua kwa kuwaandikia mmojammoja pembeni kuuliza kama bado wapo, kazi ambayo mkigawana wasimamizi watatu mtaimaliza kwa wiki moja ya kiangazi.

Kuhusu mpira na siasa, nakuomba usikubali. Nimeyaona makundi mengi yakifa, na machache sana yalikufa kwa kimya. Mengi yaliuawa na kelele. Mtu aliyejiunga kwa ajili ya okidi akifungua simu na kukuta jumbe mia mbili za watani wa jadi, halalamiki wala hagombani na mtu. Anazima tu mlio wa kundi, na tangu siku hiyo hata picha nzuri ya Februari ikifika haioni. Idadi ya jumbe itakuwa imepanda, ninyi mtadhani kundi limefufuka, na ndani yake watu wa maua watakuwa wameshaondoka bila kuaga. Acha kabisa kuhesabu jumbe. Hesabu maswali yaliyojibiwa: mtu anapotuma picha na kuuliza hili ni ua gani, inachukua muda gani apate jibu la mtu anayejua, na je, ni watu wangapi tofauti wanaojibu, au ni mmoja yuleyule kila siku? Kundi ambalo swali lake hujibiwa jioni ileile ni zima hata kama swali lenyewe huja mara moja kwa wiki.

Miezi hii ya baridi ipeni kazi yake. Chukueni picha za Februari ambazo zilipita haraka bila kujadiliwa, mrudishe moja kila Jumapili jioni pamoja na swali moja la wazi. Picha za ndege mzipange kwa mahali na kwa mwezi, ili mwakani mjue ni ndege gani aliwahi na ni ndege gani alichelewa. Na badala ya kuwahimiza watu wote kwa tangazo la jumla la kwamba jamani changieni, jambo ambalo huwatia haya walionyamaza na kuwaudhi wanaosema, mwandikie mtu mmoja pembeni kwa heshima: Mama, nakumbuka ulisema umekulia Isongole, picha hii imepigwa huko, naomba utusaidie. Atajibu.

SWALI: Mwalimu, pole na kazi. Mimi huongoza wageni upande wa Matamba. Mwanakundi mwenzetu alituma picha ya okidi nzuri sana iliyoota nje ya mpaka wa hifadhi, na chini yake akaweka lokesheni kamili. Wiki iliyofuata nilipita mahali pale nikakuta mashimo tu. Nilipoandika kundini kwamba tuache kutuma lokesheni, niliambiwa nina wivu wa biashara kwa kuwa mimi hulipwa kuwaonyesha watu maua. Je, kundi lina haki ya kumkataza mtu kusema alipoona ua? – Mwongozaji, Matamba

JIBU: Lina haki, na kwa okidi za milima yetu naona ni zaidi ya haki. Pole sana kwa mashimo hayo. Najua namna moyo unavyoanguka mtu anapofika mahali alipopakumbuka na kukuta udongo umefukuliwa.

Kwa ajili ya wasomaji wasioishi huku, nieleze kwa kifupi. Okidi nyingi za nyanda zetu, za jenasi za Disa, Satyrium na Habenaria, huota ardhini na kuhifadhi chakula chao katika viazi vidogo. Nchini Zambia viazi hivyo hukaushwa, husagwa, huchanganywa na karanga zilizotwangwa na pilipili, na kupikwa kuwa chakula kigumu kinachokatwa vipande, kiitwacho chikanda. Chakula hicho kinapendwa sana, na okidi za Zambia zilipoanza kuadimika wanunuzi waligeukia upande wetu wa mpaka, hata watafiti waliofuatilia biashara hiyo mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakakadiria kwamba viazi vinavyotoka Nyanda za Juu Kusini kwa mwaka ni mamilioni. Anayechimba kiazi huung'oa mmea mzima. Hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu zilizowafanya watu wapiganie Kitulo iwe hifadhi, na okidi zote duniani zimo katika mkataba wa kimataifa wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini.

Sasa, mwambie aliyekuita mwenye wivu kwamba jambo unaloliomba linafanywa na watu ambao hawana biashara yoyote ya kulinda. iNaturalist, jukwaa la kimataifa ambalo watu hupeleka picha za mimea na wanyama ili zitambuliwe, huficha lenyewe mahali halisi pa viumbe waliotajwa kuwa hatarini: anayetazama haonyeshwi nukta, huonyeshwa eneo pana la takribani kilomita 22 kwa 22 ambalo kiumbe huyo amo ndani yake. Wanasayansi nao wamejifunza kwa uchungu. Mjusi mmoja wa kusini mwa Uchina, Goniurosaurus luii, alielezwa katika jarida la kisayansi mwaka 1999, na mahali pale palipoandikwa wafanyabiashara wa wanyama walifika wakamkamata hadi karibu akaisha.

Kwa hiyo wekeni kanuni, na iwe fupi kiasi cha kukumbukwa na mtu aliyeko mlimani mvua ikimnyeshea. Sisi tunayo hii: taja wilaya na mwezi, usitaje njia wala kijito, na lokesheni ya okidi hatutumi. Kuna mlango mmoja wa nyuma ambao watu wengi hawaujui, nao ni picha yenyewe. Simu iliyowashwa lokesheni huandika latitudo na longitudo ndani ya picha inayopigwa. WhatsApp huzifuta namba hizo picha ikitumwa kama picha ya kawaida, lakini ikitumwa kama dokumenti, jinsi wapiga picha wengi wanavyofanya ili ubora wake usipungue, namba hizo husafiri nayo. Waelezeni wanakundi wazime lokesheni ya kamera kabla ya kupanda zile kona 57 za kutoka Chimala, wala wasingoje hadi wakumbuke wakiwa wamesharudi chini.

Nina mambo mawili ya kukutahadharisha, na nayasema kwa kuwa nataka kanuni yako idumu. La kwanza ni kwamba huna uthibitisho kuwa mashimo yale yalisababishwa na picha ile. Wachimbaji wa viazi wanavijua vilima vile kuliko sisi sote, na huenda walifika kwa miguu yao wenyewe bila kuona simu ya mtu. Ukijenga hoja yako juu ya tukio hilo moja, aliyetuma picha atajiona ameshtakiwa na mjadala utakuwa juu yake, wala hautakuwa juu ya maua. Jenga hoja juu ya hatari, ambayo ipo hata kama safari hii haikuwa yeye. La pili ni kwamba wanaochimba ni majirani zetu, wengine ni mama wanaotafuta ada ya mtoto, na huenda mtoto wa mmoja wao yumo kundini. Nimesoma kwenye makundi ya maua maneno ya kuwaita watu hao wezi na washenzi, na maneno hayo nimeyafuta kwa mkono wangu. Kundi linalowatukana watu wa kijijini litabaki na watu wa mjini peke yao, ambao huja Kitulo mara moja kwa mwaka, na siku ambayo kilima kinachimbwa hakuna atakayewapigia simu kuwaambia.

Kwa upande wa kazi yako, kuwa muwazi: sema kundini kwamba unaongoza wageni, kwamba kanuni hii itakubana wewe mwenyewe kwanza, na kwamba hutaweka lokesheni katika matangazo yako ya safari.

SWALI: Kamwene, Mwalimu. Kundi letu la waangalia ndege hapa Iringa limepasuka. Admini wetu, kijana wa miaka ishirini na mitano, alimtoa mzee wa zaidi ya miaka sabini kwa sababu alituma mara tatu ujumbe wa kusambazwa kuhusu dawa ya mizizi inayodaiwa kuponya presha. Hakumwonya. Mzee anaona amedhalilishwa, na watu kumi na wawili wamelefti kwa hasira. Admini anasema kanuni ni kanuni. Mimi ni katibu, na pande zote mbili zinanipigia simu. – Katibu, Iringa

JIBU: Admini wenu ana haki juu ya ujumbe na amekosea juu ya mtu. Ujumbe wa dawa ya presha haukuwa na nafasi katika kundi la ndege, na zaidi ya hapo ungeweza kumdhuru mgonjwa atakayeacha vidonge vyake. Angeweza kuufuta siku hiyohiyo, kwa kuwa tangu mwaka 2022 msimamizi wa kundi ana uwezo wa kufuta ujumbe wa mwanakundi yeyote, nao ungeondoka kwenye simu zote huku mwenye kuutuma akibaki kundini na heshima yake.

Elinor Ostrom, mama wa Kimarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alitumia maisha yake kuchunguza namna watu wa kawaida wanavyosimamia mali ya pamoja, kama vile malisho, misitu, maji ya mifereji na maeneo ya uvuvi. Miongoni mwa mambo aliyoyakuta katika jumuiya zilizodumu ni kwamba adhabu zao zilikwenda kwa ngazi: kosa la kwanza lilipata adhabu ndogo sana, karibu sawa na ukumbusho, na ukali uliongezeka kwa anayerudia. Sisi hatuhitaji kwenda mbali kulitambua hilo. Anayechepusha maji ya mfereji usiku kwa mara ya kwanza huitwa na wazee na kuulizwa, hafukuzwi kijijini. Kumtoa mtu kundini ni kumfukuza kijijini, na mbaya zaidi ni kwamba watu wote huona mstari ule mdogo wa kijivu unaosema fulani amemtoa fulani, nao hubaki pale bila maelezo.

Mzee wa miaka sabini haonywi kwa maandishi. Anapigiwa simu, tena ikiwezekana apigiwe na mtu wa rika lake. Mara nyingi atasema, kwa ukweli kabisa, kwamba alidhani anawasaidia watu, na hakujua maana ya vile vishale viwili vinavyoonyesha kwamba ujumbe umeshapita kwenye mikono mingi kabla ya kumfikia. Mfundisheni alama hiyo. Tangu Aprili 2020 WhatsApp hairuhusu ujumbe wa namna hiyo utumwe kwa zaidi ya kundi au mtu mmoja kwa mara moja, kwa sababu ya uongo uliokuwa ukienezwa kwa njia hiyo.

Kinachotakiwa sasa ni kijana mwenyewe aende kwa mzee, kama anaishi karibu, au ampigie. Aamkie kwanza. Aombe radhi kwa namna alivyomtoa, bila kuomba radhi kwa kanuni, na amwombe arudi. Wewe uwe umeshazungumza na mzee siku moja kabla, ili simu isimkute na hasira mbichi. Akirudi, asitangazwe kwa shangwe wala kwa maelezo marefu. Mtu mmoja amuulize kuhusu ndege anayemfahamu vizuri, na mazungumzo yaendelee. Wale kumi na wawili wengi watamfuata. Kisha andikeni ngazi zenu tatu, yaani ujumbe kufutwa, simu kupigwa, na mtu kupumzishwa kwa muda, na kumtoa kabisa kubaki kwa matusi na utapeli peke yake. Msimsamehe rafiki wa admini kosa ambalo mzee ameadhibiwa kwalo, maana hilo ndilo watu hulitazama kwa makini kuliko kanuni yenyewe.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Kundi letu la wafuga nyuki wa Mufindi limejaa matangazo ya asali, mizinga, hata viwanja. Tufunge matangazo yote? – Mfugaji, Mafinga

JIBU: Marahaba. Msifunge yote, kwa kuwa asali na mizinga ndiyo riziki ya wanakundi wenu, na mfugaji anayeuza mizinga kumi ana habari ambayo mwenzake anaihitaji. Teueni siku moja ya soko katika wiki, kwa mfano Jumamosi, na tangazo likitumwa siku nyingine lifutwe bila maneno. Yakizidi, WhatsApp ilileta jumuiya mwaka 2022, ambazo huunganisha makundi kadhaa chini ya paa moja: kundi la maswali ya ufugaji libaki safi, na la biashara liwe pembeni kwa anayelitaka. Matangazo ya viwanja yafutwe, hilo halina mjadala.

SWALI: Mwalimu, mimi ndiye admini pekee wa kundi la wapenzi wa mimea hapa Mbeya mjini, watu 380. Jumbe zinaingia hadi saa nane za usiku, naamka kufuta picha mbaya, na mume wangu ameanza kulalamika. Pia nimetishwa kwamba mwanakundi akiandika uongo nitakamatwa mimi. Nimechoka na ninafikiria kujitoa. – Admini, Mbeya

JIBU: Mwanangu, kazi hiyo umeifanya bila malipo kwa ajili ya watu 380, na wengi wao hawajui kwamba ipo kazi. Uchovu wako ni wa haki.

Kuhusu sheria, mimi si mwanasheria, na mwenye kesi mkononi amwone wakili. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inataja, pamoja na mengine, kosa la kuchapisha taarifa za uongo kwa kukusudia kudanganya na kosa la kumnyanyasa mtu mtandaoni, kwa hiyo anayeandika ajue kwamba maneno ya kundini si maneno ya chumbani. Wewe jilinde kwa matendo: ujumbe wa namna hiyo ukiuona ufute, mwambie aliyeuandika sababu, na usiuchangie hata kwa kicheko. Tangu Mei 2023 ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, nayo inatosha kukufanya uache mtindo wa kuchukua namba za watu kutoka orodha ya semina na kuwaingiza kundini bila kuwauliza. Watumie kiungo, na anayetaka aingie mwenyewe.

Kuhusu usiku, fungua mipangilio ya kundi saa nne za usiku na uruhusu wasimamizi peke yao kuandika, kisha uwafungulie wote saa kumi na mbili asubuhi. Uwezo huo upo tangu mwaka 2018. Watangazie sababu mara moja tu, na wiki ya pili watakuwa wameshazoea. Anayeona bundi saa saba za usiku atatuma picha yake asubuhi, na bundi huyo hatapungukiwa na kitu.

Lakini usijitoe kabla ya kumteua mwingine, maana admini pekee akiondoka WhatsApp yenyewe huchagua mwanakundi yeyote kwa bahati nasibu na kumpa mamlaka yote, na anaweza kuwa mtu aliyejiunga jana kuuza viwanja. Tafuta watu wawili, na usiwatafute miongoni mwa wanaosema sana. Pitia jumbe za miezi mitatu iliyopita na utazame ni nani, watu walipogombana juu ya jina la mmea, aliandika sentensi moja ya utulivu kisha akaurudisha mjadala kwenye jani na ua. Mmoja awe mkazi wa nje ya mji, mwenye ratiba tofauti na yako. Wapigie simu, usiwaandikie, na uwaeleze ukweli kwamba kazi hii huchukua nusu saa kwa siku wakati wa kiangazi na zaidi ya saa moja wakati wa maua. Kisha gawaneni siku, wewe ubaki na siku mbili tu katika wiki, na ufanye hivyo sasa kundi likiwa limetulia, ili Novemba mvua ikianza na picha zikianza kumiminika, wawe wameshazoea kufuta, kupiga simu na kunyamaza panapostahili.